Virusi kama Wabeba Jeni katika Utafiti wa Salamanda

Salamanda akikatwa mguu, mwingine huota. Kinachoota si kigutu cha nyama bali mguu kamili wenye mifupa, misuli, neva, mishipa ya damu na ngozi, kila kitu mahali pake. Mtaalamu wa Italia Lazzaro Spallanzani alilitangaza jambo hili mwaka 1768, na tangu hapo swali limebaki lilelile: seli zinazojenga mguu mpya hutoka wapi, na zinajuaje zijenge nini? Kwa muda mrefu jibu lilitafutwa kwa kisu na darubini. Siku hizi hutafutwa kwa kuingia ndani ya seli zenyewe zikiwa kazini, kuzitia alama, kuzipa jeni mpya au kuzizimia jeni zilizopo, na mojawapo ya njia bora za kufanya hivyo ni kutumia virusi. Uchaguzi wa kirusi hapa si suala la ufundi tu. Kila aina ya virusi ina seli inazoziweza na isizoziweza, ina muda wake wa kukaa na kipimo chake cha mzigo, na mambo hayo ndiyo yanayoamua ni swali gani linajibika na ni ushahidi gani unaaminika.

Afrika Mashariki haina salamanda. Amfibia wa huku ni vyura, pamoja na wale wasio na miguu wanaochimba udongoni katika milima ya Taita na Usambara, ambao wengi huwadhania minyoo au nyoka. Salamanda ana umbo la mjusi, ila ngozi yake ni laini na haina magamba. Tofauti kubwa iko katika uponaji. Mjusi akikatika mkia huota mwingine, lakini mkia huo wa pili hauna pingili za mfupa, una bomba la gegedu tu, na mguu wake ukikatika haurudi. Salamanda hurudisha mguu, mkia pamoja na uti wa mgongo, sehemu za moyo, hata sehemu za ubongo. Anayetumika zaidi maabara ni aksoloti wa Xochimilco, katika Jiji la Mexico, ambaye huishi maisha yake yote majini akiwa na matamvua ya nje kichwani. Mwaka 1863 aksoloti 34 walisafirishwa kutoka Mexico hadi Paris, na sehemu kubwa ya walio maabara duniani leo ni uzao wa kundi hilo. Pamoja naye hutumika nyuti, salamanda wadogo ambao wengi wao hugawana maisha kati ya maji na nchi kavu, hasa yule wa Amerika Kaskazini, Notophthalmus viridescens, na yule wa Hispania, Ureno na Moroko, Pleurodeles waltl.

Mguu ukishakatwa, ngozi hutambaa na kufunika kidonda haraka, mara nyingi ndani ya siku moja. Chini ya ngozi hiyo hukusanyika seli zinazogawanyika kwa kasi na kufanya nundu iitwayo blastema. Neva zikiwa zimeondolewa mguuni, nundu hiyo haikui. Zamani ilidhaniwa kwamba seli za blastema ni za namna moja, kana kwamba kila moja ingeweza kuwa chochote. Mwaka 2009 kundi la Elly Tanaka huko Dresden, Ujerumani, lilionyesha kwamba sivyo: seli iliyotoka kwenye misuli hujenga misuli, ya ngozi hubaki upande wa ngozi, na zile za tishu unganishi ndizo zenye uhuru zaidi. Walilijua hilo kwa kupandikiza tishu kutoka kwa aksoloti waliotiwa tangu yaini jeni ya protini inayong'aa kijani, iitwayo GFP, kwa aksoloti wa kawaida, kisha kufuatilia mng'ao ulikokwenda.

Njia hiyo ya kuanzia yaini ni nzuri, lakini ina gharama zake. Aksoloti huhitaji karibu mwaka mzima kufikia kuzaa, kwa hiyo kila jeni mpya ni mwaka wa kusubiri. Jeni iliyotiwa au kuharibiwa katika yai, pasipo mbinu ya kuiwekea mipaka, huathiri mwili mzima tangu siku ya kwanza, na nyingi kati ya jeni zinazojenga mguu mpya ndizo zilizomjenga kiluwiluwi. Akizikosa mapema, hafiki umri wa kukatwa mguu. Mtafiti anataka kuigusa jeni kwa mnyama aliyekwisha kukua, katika mguu mmoja, kwa siku anayoichagua yeye. Inawezekana kudunga DNA ndani ya tishu na kupitisha mipigo ya umeme ili utando wa seli uachie matundu kwa muda mfupi. DNA huingia kweli, lakini mara nyingi haijishikizi kwenye kromosomu, hivyo hupungua kila seli inapogawanyika, kama uji unaoongezwa maji. Katika blastema, ambako kugawanyika ndiko kazi yenyewe, alama hufifia kabla mguu haujamalizika. Virusi vimekuwepo kwa mamilioni ya miaka vikifanya jambo moja tu, kuingiza jeni zao ndani ya seli za wengine, na baadhi yao hujishona ndani ya kromosomu moja kwa moja.

Kirusi kinachotumika kubeba jeni huitwa vekta. Jeni zake za kujizalisha huondolewa, zikabaki alama fupi tu zinazoruhusu mzigo kufungashwa, na katika nafasi iliyoachwa huwekwa jeni anayoitaka mtafiti. Sehemu nyingine zinazohitajika kuunda chembe za virusi hutolewa kando, zikiwa juu ya vipande tofauti vya DNA, ndani ya seli za binadamu zilizooteshwa kwenye sahani, mara nyingi zile za figo ziitwazo HEK 293. Baada ya siku mbili hivi maji ya kulelea seli hukusanywa yakiwa yamejaa chembe, huchujwa, na huzungushwa kwa kasi kubwa ili chembe zikusanyike katika tone dogo. Chembe hizo huweza kuingia seli mara moja na kuacha mzigo, lakini hazizai nyingine.

Kuna hatua moja hapo ambayo bila yake salamanda asingefikika. Kirusi hushika seli kwa protini zilizo kwenye utando wake wa nje, na protini za virusi vya panya zimezoea vipokezi vya panya. Protini hizo zinaweza kubadilishwa. Inayotumika sana ni VSV-G, inayotoka kwenye virusi vinavyowatoa ng'ombe na farasi wa Amerika malengelenge mdomoni. Protini hiyo hushika kipokezi cha LDL, kile kinachoingiza kolesteroli ndani ya seli, pamoja na jamaa zake, na vipokezi hivyo viko kwa wanyama wengi. Mwaka 1994 Jane Burns, Panagiotis Tsonis na wenzao walionyesha kwamba retrovirusi vya panya vilivyovishwa protini hiyo huingia seli za mguu wa nyuti zilizolelewa kwenye sahani, hujishona kwenye kromosomu zake, na jeni iliyobebwa hufanya kazi.

Retrovirusi hubeba jeni zao zikiwa RNA, huzigeuza DNA zikishaingia, kisha DNA hiyo huunganishwa na kromosomu za seli. Tangu hapo kila seli inayozaliwa kutokana na ile ya kwanza huwa na alama ileile, bila kufifia. Lakini retrovirusi vya panya, vile vya leukemia ya Moloney, haviwezi kupenya kiini cha seli iliyotulia. Husubiri seli igawanyike na utando wa kiini uvunjike. Kwa hiyo ukividunga kwenye mguu mzima wa salamanda aliyekomaa, ambako seli nyingi zimetulia, hupati kitu cha maana. Ukividunga kwenye blastema, unapata alama nyingi. Tofauti hiyo lazima ikumbukwe wakati wa kusoma matokeo, kwa sababu seli isiyong'aa huenda haikushiriki, na huenda ilishiriki ila haikuwa ikigawanyika kirusi kilipopita. Kutokuwepo kwa alama si ushahidi mpaka ijulikane ni seli zipi kirusi kile kingeweza kuziingia.

Mfano unaoonyesha thamani ya alama isiyofifia ni ule wa misuli. Unyuzi wa msuli ni seli ndefu yenye viini vingi, iliyotokana na seli ndogo nyingi kuungana, na kwa mamalia ikishakuwa hivyo haigawanyiki tena. Je, kwa salamanda inaweza kurudi nyuma, ikavunjika kuwa seli ndogo zenye kiini kimoja na kuingia kwenye blastema? Mwaka 1993 maabara ya Jeremy Brockes huko London ilidunga rangi ndani ya nyuzi changa za msuli wa nyuti, ikazipandikiza kwenye blastema, na baadaye ikakuta seli za kiini kimoja zenye rangi hiyo. Matokeo yalikuwa ya kusisimua, lakini rangi hupungua kadiri seli zinavyogawanyika. Mwaka 2000 Anoop Kumar na wenzake wa maabara hiyo walirudia swali kwa retrovirusi, wakitumia nyuzi ambazo viini vyake vilikuwa na jeni ya alama ndani ya kromosomu. Seli za kiini kimoja zenye jeni hiyo zilionekana tena, na safari hii alama ilikuwa ya urithi, inayopita kutoka seli hadi seli.

Mwaka 2014 Tatiana Sandoval-Guzmán, pamoja na makundi ya Tanaka na ya András Simon wa Stockholm, waliwalinganisha nyuti na aksoloti kwa njia nyingine ya kutia alama za kudumu, ndani ya misuli ya mnyama mwenyewe. Kwa nyuti, nyuzi za misuli zilivunjika na kuchangia mguu mpya. Kwa aksoloti hazikuchangia. Misuli yake mipya ilitoka kwenye seli-shina za misuli, zile ambazo hata binadamu anazo. Wanyama wawili wa ukoo mmoja, wanaofanya muujiza uleule kwa macho, wanaufanya kwa seli tofauti. Hilo lingebaki limejificha kama kila mmoja angesemewa na mwenzake.

Kwa aksoloti hai, njia ya retrovirusi iliwekwa sawa mwaka 2013 na Jessica Whited, akifanya kazi na Clifford Tabin wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao. Vikivishwa VSV-G, virusi viliingia aina nyingi za seli zinazogawanyika, na jeni iliendelea kufanya kazi vizazi vingi vya seli. Vilevile walitumia vazi la pili, protini ya virusi vya saratani vya kuku, ambayo hushika kipokezi kiitwacho TVA. Seli za aksoloti hazina TVA, kwa hiyo virusi vyenye vazi hilo havigusi hata moja, isipokuwa zile ambazo mtafiti amezipa kipokezi hicho makusudi. Hapa shaka iliyotajwa juu inapata dawa: badala ya kubahatisha ni seli zipi zingeweza kuingiwa, mtafiti ndiye anayeamua.

Mwaka huohuo wa 2013 kundi la Dresden, Shahryar Khattak akiwa mwandishi wa kwanza, lilitangaza kirusi kingine chenye historia inayoanzia Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Achong, Epstein na wenzao, yule Epstein ambaye jina lake limebaki kwenye virusi vya Epstein-Barr, walieleza virusi vipya walivyovikuta katika tishu za mgonjwa wa Kenya aliyekuwa na saratani ya nyuma ya pua na koo. Seli zilizoambukizwa kwenye chombo zilijaa viputo, zikaonekana kama povu, na virusi vikaitwa hivyo, virusi vya povu. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa vya binadamu. Baadaye usomaji wa jeni ulionyesha kwamba ni vya sokwe, na vinafanana zaidi na vile vya sokwe wa mashariki, jamii ya wale wa Gombe na Mahale. Kwa binadamu havienei, na hakuna ugonjwa uliothibitika kusababishwa navyo. Virusi visivyodhuru, vyenye nafasi kubwa ya mzigo na vinavyoingia seli za wanyama wa kila aina, ni hazina kwa anayetafuta vekta.

Virusi vya povu navyo ni vya jamii ya retrovirusi, lakini kazi kubwa ya kugeuza RNA kuwa DNA huifanya mapema, kabla hata ya kutoka kwenye seli iliyovizalisha. Chembe inayofika kwa salamanda huwa tayari ina DNA, na inaweza kungoja ndani ya seli iliyotulia hadi itakapogawanyika. Kundi la Dresden lilidunga virusi hivi kwenye miguu na mikia inayoota upya. Mng'ao ulienea sehemu kubwa, ukadumu hadi mguu ulipokamilika, na mguu huo ulipokatwa tena, alama ilionekana katika ule ulioufuata. Lentivirusi, vinavyotokana na jamii ya VVU na vinavyofanya kazi vizuri kwa mamalia, havikutoa matokeo kama hayo vilipodungwa. Hakuna njia ya kukisia jambo la namna hiyo kwa kusoma vitabu. Kila kirusi hujaribiwa kwa salamanda mwenyewe.

Swali likiwa ni nini jeni inafanya, si seli inatoka wapi, alama ya kudumu si lazima. Kinachotakiwa ni protini nyingi, mahali pamoja, kwa siku chache. Mwaka 2000 Stéphane Roy, David Gardiner na Susan Bryant walitumia vaksinia, virusi vilevile vilivyotumika kuchanja watu dhidi ya ndui hadi mgonjwa wa mwisho wa maambukizo ya kawaida alipopatikana Somalia mwaka 1977. Vaksinia hufanya kazi zake nje ya kiini cha seli, kwa hiyo haijali kama seli inagawanyika. Walivipa jeni ya Shh. Katika blastema ya kawaida jeni hiyo huwaka upande wa nyuma tu, ule wa kidole cha mwisho, na ndiyo inayoupa mguu mpangilio wa vidole. Ilipowashwa kwa virusi upande wa mbele, mguu uliota ukiwa na vidole vya ziada.

Jaribio hilo limekuwa kipimo cha vekta mpya. Mwaka 2018 Catarina Oliveira na wenzake wa kundi la Tanaka walilifanya kwa bakulovirusi vilivyovishwa protini ya kushikia seli za wanyama wenye uti wa mgongo, na vidole vya ziada vikatokea kwa sehemu kubwa ya wanyama. Bakulovirusi ni maadui wa viwavi. Jamaa zao wamejaribiwa Tanzania kuua viwavijeshi mashambani. Ndani ya seli ya salamanda haviwezi kuzaliana, kwa sababu jeni zake huwashwa kwa amri za seli za wadudu. Jeni iliyobebwa huwashwa kwa amri nyingine, inayoeleweka na seli za salamanda. Faida zake kubwa ni mbili: huingia seli za mguu mzima ambao haujakatwa pamoja na zile za blastema, na hubeba mzigo mkubwa mara kadhaa kuliko retrovirusi.

Kazi yenyewe mezani ni ya utulivu. Aksoloti mchanga hulazwa usingizi kwenye maji yenye benzokaini, kisha huwekwa juu ya karatasi yenye unyevu chini ya darubini. Blastema ya siku kumi hivi ni nundu yenye rangi ya maziwa, ndogo kuliko punje ya mchele. Virusi huchanganywa na rangi ya kijani ili mdungaji aone vinakokwenda, na sindano ni mrija wa kioo uliovutwa ukiwa wa moto hadi ukawa mwembamba kuliko unywele. Shinikizo la hewa husukuma kiasi kidogo, na kijani hutandaa ndani ya nundu. Ncha ikizama mno, virusi hufika kwenye tishu za zamani za kigutu na kuharibu maana ya jaribio. Shinikizo likizidi, ngozi changa hupasuka na virusi vyote humwagika. Kila mnyama mwenye jeni inayochunguzwa huwa na mwenzake aliyedungwa virusi vyenye jeni ya mng'ao tu, la sivyo haitajulikana kama kasoro imeletwa na jeni, na virusi vyenyewe, au na sindano. Aksoloti hufugwa kwenye maji ya nyuzi 18 hivi, baridi kuliko mwili wa mamalia ambao virusi vingi hivi vimeuzoea, na hivyo mng'ao husubiriwa kwa subira zaidi. Kwa kuwa VSV-G hushika seli za binadamu vilevile, virusi hushughulikiwa ndani ya kabati la usalama, kwa glavu na miwani, na maji ya wanyama waliodungwa hutiwa dawa kabla ya kumwagwa.

Ubongo ndio uliochelewa. Neva zilizokomaa hazigawanyiki, hivyo retrovirusi vya panya havifai, na kwa panya kazi hiyo hufanywa na virusi vidogo viitwavyo AAV, vyenye upana wa takriban nanomita 25, ambavyo haviwezi kuzaliana bila msaada wa virusi vingine kama adenovirusi. Miaka mingi vilionekana havifai kwa amfibia. Mwaka 2025 Katharina Lust na Tanaka walieleza aina za AAV zinazoingia vizuri seli za mfumo wa neva wa aksoloti, na watafiti wengine wakafanya hivyo kwa vyura na Pleurodeles. Sasa neva ya jicho inaweza kufuatwa hadi inakoishia ubongoni, na uti wa mgongo uliokatwa ukaungana unaweza kuulizwa ni nyuzi zipi zilizorudi na zimeungana na nini.

AAV zina mipaka miwili. Mzigo wao hauzidi herufi 4,700 hivi za DNA. Jenomu ya aksoloti ina herufi bilioni 32, mara kumi ya ile ya binadamu, na jeni zake zimetanuliwa na vipande virefu visivyotengeneza protini. Kwa hiyo kinachobebwa ni nakala fupi isiyo na vipande hivyo, na hata hiyo si kila jeni itaenea. Jeni ya Cas9, mkasi wa kukatia DNA, peke yake hujaza karibu nafasi yote. Mpaka wa pili ni kwamba DNA ya AAV kwa kawaida haijishoni kwenye kromosomu. Katika neva iliyokomaa hudumu. Katika blastema hupotea pamoja na mgawanyiko wa seli. Njia ya kuuvuka ni kuunganisha kirusi na ufugaji: anafugwa aksoloti mwenye jeni ya mng'ao iliyofungwa kwa kipande cha kuzuia, na kirusi hupewa jeni ya Cre, kimeng'enya kinachokikata kipande hicho. Jeni ya Cre ina herufi elfu moja hivi, inaenea ndani ya AAV bila shida. Ikishafanya kazi mara moja, kirusi kinaweza kupotea, na seli pamoja na uzao wake wote zitaendelea kung'aa.